ETABS, SAP2000 au STAAD.Pro: Uchore Wapi Modeli ya Jengo Lako

ETABS, SAP2000 na STAAD.Pro ni programu tatu za kompyuta ambazo mhandisi anachora jengo ndani yake ili zimhesabie nguvu zinazopita kwenye bimu na nguzo. Chukua sakafu moja ndogo: slabu ya zege ya mita 6 kwa 4, unene milimita 150, imezungukwa na bimu nne na kubebwa na nguzo nne kwenye kona. Bimu zimeegeshwa tu kwenye nguzo, ncha zake hazishiki momenti, yaani nguvu ya kupinda. Kwa mkono ni kazi ya dakika tano. Zege lina uzito wa kilonyutoni (kN) 25 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo slabu ina kN 3.75 kwa mita ya mraba, jumla kN 90. Ukigawa sakafu kwa mistari ya nyuzi 45 kutoka kwenye kona, kila bimu ya mita 6 inapokea kN 30 za slabu, na momenti yake katikati inakuwa kilonyutoni-mita (kNm) 28.8. Ongeza uzito wa bimu yenyewe, milimita 200 kwa 450, unaoleta kNm 10.1. Jumla ni karibu kNm 39.

Sasa ichore sakafu hiyohiyo kwenye SAP2000. Nguzo nne, bimu nne, kisha slabu moja kutoka kona hadi kona, unabofya mara nne tu. Endesha hesabu. Momenti ya bimu ndefu inatoka 10.1.

Uzito wa slabu umekwenda wapi? Ukijumlisha mzigo unaofika chini ya nguzo, kN 90 za slabu zote zipo, hakuna hata moja iliyopotea. Zimepita kwenye kona nne na kuingia moja kwa moja kwenye nguzo, kN 22.5 kila kona, na bimu haikuguswa. Mhandisi anayekagua modeli kwa kuangalia jumla ya mzigo wa chini peke yake, kama wengi tulivyofundishwa, ataona namba zimelingana na atasonga mbele kupanga nondo za bimu kwa robo ya momenti inayotakiwa.

Ndiyo maana mtu akiniuliza achague programu gani kati ya hizi tatu, siendi kwenye uzuri wa picha wala wingi wa vitufe. Namwambia aulize kwanza: huu mstari niliouchora, hesabu ikianza unageuka kuwa nini? Kila programu ina jibu lake, na ukishalijua jibu hilo kuchagua kunakuwa rahisi sana.

ETABS: inafikiri kwa ghorofa

ETABS hata haikuruhusu uanze kuchora kabla hujaiambia jengo lina ghorofa ngapi, kila moja ina kimo gani, na mistari ya gridi imeachana kwa umbali gani. Mwanzoni inaudhi, hasa ukiwa na haraka. Baadaye unagundua kwamba nusu ya kazi imekwisha kabla hujashika kipanya.

Fikiria jengo la ghorofa nane lenye gridi ya mistari mitano kwa minne. Hizo ni makutano 20. Unakwenda kwenye mwonekano wa plani, unachagua kuchora nguzo kwa haraka, unaweka kichaguzi kwenye ghorofa zote, kisha unaburuta kisanduku kimoja kuzunguka gridi nzima. Ukiachia kidole, nguzo 160 zimesimama. Bimu nazo hivyohivyo: unapitisha kisanduku juu ya mistari ya gridi, nazo zinajikata zenyewe kutoka nguzo hadi nguzo. Sijaona programu nyingine inayofanya kazi hii kwa kasi namna hiyo.

Jambo dogo linalowatatiza wageni: nguzo ukiichora kwenye plani ya ghorofa fulani, inaning'inia kwenda chini mpaka ghorofa iliyo chini yake. Kwa hiyo ukiwa kwenye plani ya chini kabisa, ile ya msingi, hutaweza kuchora nguzo. Panda ghorofa ya kwanza.

Slabu kwenye ETABS unaichora kubwa, hata jengo zima kwa kipande kimoja, na programu inaikata yenyewe kufuata bimu na kuta wakati wa hesabu. Vipande vikikutana bila nodi zao (pointi za kuungana) kulingana, inavishona pembeni. Ile sakafu yetu ya mita 6 kwa 4, ukiipa slabu tabia ya membreni, isiyopinda bali kupeleka mzigo wake kwenye bimu tu, itakupa kNm 39 zako bila wewe kugusa chochote. Ukiipa tabia ya sheli, momenti ya bimu itashuka kidogo kwa sababu slabu yenyewe inapinda na kubeba sehemu ya mzigo hadi kwenye nguzo. Yote mawili ni sahihi kwa namna yake, lakini lazima ujue umechagua lipi, kwa sababu ukipanga nondo za bimu kwa modeli ya sheli, ile momenti iliyobaki ndani ya slabu inataka nondo zake huko ilipo.

Hatari ya ETABS iko kwenye kile kichaguzi cha ghorofa, ambacho ni kidogo na kimekaa chini ya skrini upande wa kulia. Kikiwa kwenye ghorofa zinazofanana, chochote unachokifanya kwenye moja kinafanyika kwenye zote. Nimewahi kufuta bimu moja ya ghorofa ya tatu ili kupitisha ngazi ya ndani ya mpangaji mmoja, nikajikuta nimeiondoa kwenye ghorofa sita. Nilikuja kuiona siku mbili baadaye nilipokuwa natoa michoro ya nondo, na bimu ile haikuwa na jina kwenye orodha. Tangu siku hiyo, kabla ya kubonyeza kitufe cha kufuta, macho yangu yanashuka kwanza kwenye ile kona.

Kwa nguvu za pembeni, upepo na matetemeko, ETABS inaziacha mbali nyingine mbili. Sakafu nzima unaitangaza kuwa dayaframu, kipande kimoja kigumu kinachosogea kwa pamoja, kwa kubofya mara moja, na kuta za lifti unazipa majina ili upate nguvu za ukuta mzima ghorofa kwa ghorofa badala ya namba za vipande vyake. Anayebuni ghorofa Bukoba, ambako tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilifikia ukubwa wa 5.9, anahitaji kuyapata majibu hayo bila kuhangaika. Si ajabu kwamba hata Burj Khalifa ya Dubai, mita 828 kwenda juu, ilifanyiwa modeli yake ya pande tatu kwenye ETABS.

Mambo yanakuwa magumu pale jengo lisipokuwa na ghorofa zinazoeleweka. Rampu ya maegesho inayozunguka, kuba la msikiti, tanki lenye kitako cha koni: vyote vinawezekana, lakini utakuwa unapigana na programu. Kila nodi inataka kujua iko ghorofa ipi, na koni haina ghorofa.

SAP2000: inaamini ulichochora

SAP2000 na ETABS zinatoka kampuni moja, Computers and Structures ya California, iliyoanzishwa mwaka 1975. Ukiziangalia unaona undugu: vitufe vinafanana, menyu zinafanana, na mtu aliyezoea moja anahamia nyingine bila mafunzo. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu chini ya sura hiyo tabia zao zinatofautiana.

Asili ya SAP ni Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1970, kwa mkono wa Edward L. Wilson. Neno lenyewe kwa Kiingereza cha mtaani maana yake ni mjinga, na Wilson alilichagua kwa makusudi: alitaka mtumiaji akumbuke kwamba programu haina akili, na kwamba mwenye wajibu wa kuweka modeli sawasawa ni mhandisi. Ile sakafu yetu iliyotoa 10.1 inaonyesha alichomaanisha. Uliichora slabu moja, ikaipokea kama kipande kimoja chenye nodi nne. Hukuiambia ikatwe, haikukata.

Dawa yake ni ama uichague slabu na kuipa agizo la kukatwa yenyewe wakati wa hesabu, ama uigawe kwa mkono, tuseme vipande 12 kwa 8 vya nusu mita. Bimu zenyewe hazihitaji kugawanywa, kwa kawaida zinajishika na nodi zozote zinazoangukia juu yake. Ukishafanya hivyo majibu yanakuja vizuri kabisa. Lakini ni lazima ufanye wewe, kila mara, kwa kila eneo ulilochora.

Kwa nini basi mtu aichague? Kwa sababu haikulazimishi umbo lolote. Chukua mnara wa tanki la maji, lile la mviringo lenye kitako cha koni ambalo tunaliona kwenye shule na hospitali. Kwenye SAP2000 unachora mistari miwili tu: mmoja wa wima kwa ukuta, mmoja wa mshazari kwa koni. Unaichagua yote miwili, unaiambia izungushwe kwenye mhimili wa wima kwa nyuzi 15, mara 24. Duara linajifunga, na tanki zima liko mbele yako, limeshakatwa vipande kuzunguka. Kinachobaki ni kugawa kila kipande kwenda juu. Mimi hufurahia kila ninapoliona likijikunja hivyo kwenye skrini.

Kenchi pia. Kuna violezo vya kenchi vya kuanzia, unajaza upana, kimo na idadi ya vyumba, halafu unasogeza nodi zako. Ukichora kwa mkono, angalia kile kisanduku kidogo kinachotokea pembeni unapoanza kuchora: kina sehemu ya kuchagua sekshoni (umbo na vipimo vya memba, yaani kila kipande cha kenchi), na chini yake sehemu ya kuchagua kama ncha za memba zimeshikana au zina pini, yaani zinazunguka bila kushika momenti. Wengi hawaiangalii. Wanachora memba 60 za kenchi, kisha wanarudi kuzichagua moja moja kuzipa pini. Iweke kabla ya mstari wa kwanza na kazi hiyo inakwisha yenyewe.

Nyingine ninayoipenda ni uhariri wa jedwali. Unaweza kufungua orodha nzima ya nodi, kuipeleka Excel, kubadilisha namba huko kwa fomula, na kuirudisha. Kwa paa lenye mkunjo wa parabola hakuna njia safi zaidi: unaandika fomula ya kimo kwenye safu moja, unaivuta chini, na paa linainuka.

STAAD.Pro: unaweza kuiandika

Kwa STAAD kuchora kwa kipanya ni njia moja tu, na kwangu si ile bora. Nguvu yake ni kwamba modeli nzima ni maandishi. Hii hapa fremu ya godauni, upana mita 20, kimo cha ukingo mita 6, kilele mita 8:

JOINT COORDINATES
1 0 0 0; 2 0 6 0; 3 10 8 0; 4 20 6 0; 5 20 0 0
MEMBER INCIDENCES
1 1 2; 2 2 3; 3 3 4; 4 4 5

Nodi tano, memba nne. Mstari wa kwanza wa namba unasema kila nodi iko wapi, wa pili unasema kila memba inatoka nodi ipi kwenda ipi. Mteja akisema anataka kilele mita 9, unabadilisha 8 kuwa 9 na umemaliza. Ukitaka fremu kumi zaidi kila baada ya mita 6, kuna agizo la kurudia ambalo pia linaunganisha fremu kwa fremu. Faili lote ni dogo kiasi cha kulituma WhatsApp, na mwenzako aliye saiti anaweza kulisoma kwenye simu bila kuwa na programu yenyewe. Anayekagua kazi ya mwingine anajua thamani ya hilo: hakuna kilichojificha nyuma ya menyu. SAP2000 na ETABS nazo zina mafaili ya maandishi, .s2k na .e2k, lakini hayo ni marefu na hayakuandikwa kwa ajili ya jicho la mtu.

Tazama tena zile namba za nodi. Kimo kimekaa nafasi ya pili. Kwenye STAAD mhimili wa wima kwa kawaida ni Y, wakati kwenye SAP2000 na ETABS ni Z. Ukihamisha namba kutoka huku kwenda kule bila kufikiri, jengo linalala ubavu. Hilo unaliona mara moja. Usiloliona ni pale unapogeuza jengo lisimame kisha ukasahau mwelekeo wa uzito wake, ukawa unavuta kando badala ya chini.

Katika kushikana kwa vitu, STAAD ni kali kuliko zote. Bimu ikipita juu ya nodi bila kukatwa pale, haijashikana nayo, hata kama kwenye picha zinagusana. Memba mbili zikipishana kama mkasi, hazijuani mpaka uagize zikatwe kwenye makutano. Sahani ya slabu, yaani kipande cha slabu ndani ya modeli, inashika bimu pale tu wanapochangia nodi. Zipo amri za kutafuta nodi yatima, nodi pacha na modeli iliyojigawa vipande viwili bila wewe kujua. Ziendeshe zote kabla ya hesabu.

Kwa sakafu za kawaida, wengi wa wanaotumia STAAD hawachori slabu kabisa. Wanatumia agizo la mzigo wa sakafu: unataja kimo cha sakafu na mzigo wa 3.75, na programu inatafuta vyumba vilivyozungukwa na bimu na kugawa mzigo wenyewe. Sakafu yetu inatoa kNm 39 bila sahani hata moja. Ila chumba kisipofungika, tuseme bimu moja haikufika kwenye nodi ya mwenzake, chumba hicho hakipati mzigo. Hapo angalau jumla ya chini itakufichulia kosa, kwa sababu kN 90 hazitatimia.

Kuhusu kuingiza mchoro wa AutoCAD

Zote tatu zinapokea faili la DXF, aina ya faili ambalo programu ya kuchora ya AutoCAD inatoa ili mchoro uhamishike, na karibu kila kijana ninayekutana naye anaanzia hapo. Naelewa. Mchoro wa msanifu upo tayari, kwa nini uchore tena? Mimi nilianza hivyohivyo kwenye ukumbi mmoja wa ghorofa mbili. Mistari iliingia vizuri, jengo likaonekana kamili. Hesabu ikakataa, ikitoa onyo la kutotulia kwa modeli. Nilitafuta usiku mzima. Mwishowe nilikuza picha kwenye nguzo moja ya nyuma mpaka ikajaza skrini, na pale nikaona bimu imeishia milimita 12 kabla ya kuifikia nodi. Msanifu alikuwa amechora mpaka kwenye uso wa plasta. Kwenye karatasi mstari ule umegusa. Kwa kompyuta ulikuwa umening'inia hewani.

Kosa la pili la DXF ni vipimo. Wasanifu wetu wengi wanachora kwa milimita. Ukiingiza huku programu ikiwa kwenye mita, jengo la mita 24 linakuwa kilomita 24, na skrini inakuonyesha nukta tupu.

Ushauri wangu kwa ETABS ni kuuingiza mchoro kama picha ya nyuma tu, kisha uchore juu yake kwa kunasa kwenye gridi yako mwenyewe, yenye namba kamili. Kwa SAP2000 ingiza mistari ya kati uliyoichora wewe kwenye AutoCAD kwenye leya yake, si mistari ya msanifu. Kwa STAAD, ukweli ni kwamba kuandika nodi ni haraka kuliko kusafisha DXF ya mtu mwingine.

Basi uchague ipi

Kama kazi zako ni majengo ya ghorofa ya zege, yale ya maduka chini na nyumba juu yanayojaa miji yetu, chukua ETABS na usihangaike. Kama unafanya matanki, minara, madaraja ya waenda kwa miguu, kuba, au vitu ambavyo kila kimoja ni tofauti na kilichopita, chukua SAP2000, lakini weka karatasi ukutani yenye neno moja: kata. Kama umejaa kwenye magodauni na viwanda vya chuma, ambapo fremu ileile inajirudia kwa vipimo tofauti, STAAD itakuokolea muda mwingi kila mwezi. Viwango havikufungi: kiwango cha zege cha Uingereza, BS 8110, ambacho wengi tulisomeshwa, na kile cha Ulaya, Eurocode 2, kilichochukua nafasi yake, vimo kote.

Mwanafunzi asiye na fedha ya leseni ana njia halali. Bentley, wenye STAAD, wana mpango wa elimu unaoijumuisha, na Autodesk nao wanatoa Robot, programu nyingine ya aina hii, kwa wanafunzi. Robot sikuiweka kwenye ulinganisho huu kwa sababu siitumii vya kutosha kuisemea. Nakala zilizovunjwa ziache. Zaidi ya sheria, huna namna ya kujua aliyeivunja amegusa nini ndani ya hesabu zake, na wewe ndiye unayeweka muhuri.

Programu yoyote utakayochukua, kabla ya kuweka mzigo wowote, endesha kwanza hesabu ya mitikisiko ya asili na ucheze picha yake. Kwa jengo la kawaida la fremu, makadirio ya haraka ya muda wa mtikisiko mmoja, kwenda na kurudi, ni sekunde 0.1 kwa kila ghorofa, kwa hiyo ghorofa tano zinapaswa kukupa karibu nusu sekunde. Ikitoka sekunde 9, tazama skrini: jengo lote limetulia na bimu moja inacheza peke yake huku na huku. Ifuate mpaka kwenye ncha yake, kuza picha, na endelea kukuza mpaka uone lile pengo.